Damu ya Kiholanzi, Damu ya Kifaransa na Sherehe ya Binti Yangu

Ndugu Mhariri wa jarida la Chama cha Mbwa wa Kazi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mbwa wako wote. Mimi ni mke wa Joris, mwanachama wenu, yule mrefu anayevaa suti nene ya kuumwa na mbwa kila wiki uwanjani. Sura yangu huijui, ila keki zangu unazijua. Naandika haraka kwa sababu mtoto amelala, na akiamka barua itaishia hapo atakapoamkia.

Katika toleo lililopita ulichapisha makala ndefu ya kulinganisha damu za Malinois wa kazi, hawa mbwa wetu wa Kibelgiji, wa Uholanzi na wa Ufaransa, na ipi inafaa kupandishwa na ipi. Ni makala nzuri. Nimeisoma mara kadhaa huku nikinyonyesha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Lakini imevunja nyumba yangu, na kwa unyenyekevu nakuomba uijenge upya.

Jambo lenyewe ni hili. Tuna jike anaitwa Zita, na wakati wake wa kupandishwa umefika. Joris anataka dume wa Kifaransa. Baba yake, mzee Godfried, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anataka dume wa Kiholanzi. Tangu makala yako ifike hawasemezani. Jumamosi ijayo ni sherehe ya kumkaribisha binti yetu Veerle, na baba mkwe ametangaza kwamba hakanyagi. Baba yangu alishafariki. Mtoto huyu amebakiwa na babu mmoja tu, na huyo mmoja amenuna kwa ajili ya mbwa ambaye hata mimba hana. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba nimegeuzwa simu. Siku ugomvi ulipoanza walikuwa bustanini, kila mtu upande wake wa ua.

"Mbwa wenu wa Kifaransa huomba ruhusa kabla ya kuuma!" akasema baba mkwe.

"Na wako wa Kiholanzi, baba, anauma kwanza halafu ndiyo anauliza wewe nani!"

"Angalau anauma!"

"Alimuuma mleta barua!"

"Mleta barua alikimbia vibaya!"

Ndugu Mhariri, hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Sasa hivi napita mlango hadi mlango na mtoto kifuani, nikibeba ujumbe. "Mwambie mumeo, cheti cha ukoo hakijawahi kumkamata mwizi." Navuka. "Mwambie baba, mbwa asiye na cheti anaweza kuwa hata mbuzi." Narudi. Kila nyumba ninanyweshwa kahawa, na kahawa ikinipita mimi inamfikia mtoto, halafu wanashangaa kwa nini halali.

2. Kuhusu jina. Ufaransa, kama unavyojua kuliko mimi, watoto wa mbwa waliozaliwa mwaka mmoja hupewa majina ya herufi moja. Mimi nilitaka mtoto aitwe Godelieve, jina la bibi yangu. Joris akasema, mpenzi, mwaka huu ni wa V, tukimpa V hatutasahau amezaliwa lini. Nilikuwa bado na mshono. Nilikubali. Sikujua kwamba mtu anaweza kusahau mwaka aliozaliwa mwanawe, lakini yeye anajijua.

3. Kuhusu kifuniko cha sufuria. Mtoto wa mbwa akipimwa, huangushiwa chuma karibu yake ili ionekane kama atashtuka, na akishtuka, atachukua muda gani kujirudi. Hilo silipingi, kwa mbwa. Baba mkwe alifanya hivyo kando ya kitanda cha Veerle. Nilikuwa naanika nepi nje, nikasikia kishindo, nikakimbia na nepi mkononi. Nikamkuta ameinama, anatabasamu. "Mwanangu, usiogope," akaniambia, "amejirudi vizuri sana. Hiyo ni ile damu ya bibi yake." Nilimtoa nje, taratibu, kwa mkono. Lakini nakiri kwamba alikuwa anatabasamu vile ambavyo sijamwona akimtabasamia mtu.

4. Kuhusu ukoo wangu mimi. Joris anakutajia mababu wa Zita mpaka usingizi ukuchukue, nani alizaa na nani, nani alikuwa na nyonga mbovu. Karani wa manispaa alipomuuliza jina la mama yangu kabla hajaolewa, alinitazama mimi. Mama yangu, Ndugu Mhariri, ni Mholanzi. Baba yangu alitoka huko wanakosema Kifaransa. Makala yako inaonya kwamba damu hizi mbili zikichanganywa bila uangalifu hutoa mnyama mwenye kasi ya mmoja na ukaidi wa mwingine. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa na nepi begani, chupa mkononi, na wanaume wawili wakinisubiri niwabebee matusi. Sikuona kosa ndani yake. Nauliza tu: nani alikuwa mwangalifu siku ya harusi yangu?

5. Kuhusu tarehe. Daktari wa mifugo amempima Zita damu, na siku yenyewe ya kupandishwa imeangukia Jumamosi. Jumamosi ile ile. Joris akanijia na sauti ya upole, ile ya kumwitia mbwa anayekataa kuachia. "Mpenzi, sherehe inasogezeka. Jike hasogezeki." Nikamwambia Joris, shangazi zangu wameshaalikwa, lozi za sukari za kuwagawia wageni zimeshafungwa kwenye vikasha na utepe, na mimi mwanangu hasogezwi kwa ajili ya mkia wa mtu yeyote. Halafu akaniuliza, je, huyo dume wa Kifaransa anaweza kuletwa hapa nyumbani wakati wageni wanakula?

Kutokana na hayo naomba mambo matatu.

Kwanza, toleo lijalo liseme kwamba damu zote mbili ni sawa. Najua si kweli. Liseme tu.

Pili, kama dhamiri yako inakataa, basi liseme kwamba wataalamu wamegundua kuwa jike akipandishwa Jumamosi hazai.

Tatu, kama hayo mawili hayawezekani, naomba Veerle aandikishwe kwenye kitabu cha uzazi cha chama. Maelezo yake ni haya. Manyoya: machache, mekundu. Meno: bado. Sauti: kubwa, haihitaji sababu. Kushika: hushika kwa mdomo mzima, ametulia, na haachii kwa amri, ushahidi ninao mwilini. Najua ombi hili si la kawaida. Lakini nikiwawekea mezani cheti chake chenye muhuri, nina hakika baba yake na babu yake watavuta viti, waketi upande mmoja na kukisoma pamoja hadi mwisho. Sijapata njia nyingine ya kuwafanya wamtazame wote wawili kwa wakati mmoja.

Nawasalimu wajumbe wa kamati, mzee wa kibanda cha bia pale uwanjani, na mke wako, ambaye nadhani ananielewa bila kuisoma barua hii.

Mimi ninayekuheshimu hata leo,
Liesbet, mama Veerle
Karibu na Mechelen

N.B. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa, nikaona niongeze. Leo mchana nilichoka kubeba ujumbe, nikawaita wote wawili jikoni. Nikawaambia Zita haendi Uholanzi wala Ufaransa. Zita anaogopa ngazi za chuma, mmeona wote, hakuna anayesema. Mkimpa Mholanzi mtapata mbwa mkali mwenye hofu, ambaye ndiye anayeuma watoto. Mkimpa Mfaransa mtapata mwenye hofu na mbio. Anahitaji dume mtulivu wa damu ya hapa hapa Ubelgiji, na huyo yuko kwa Bi Hortense, yule mjane wa nyuma ya kanisa, anaota jua. Nimeshazungumza na mama huyo. Jumamosi nampeleka Zita mwenyewe, na sherehe nimeisogeza hadi Jumapili.

Walisimama pamoja. "Mbwa wa mjane!" akapiga kelele baba mkwe. "Hajawahi hata kushinda kikombe!" akasema Joris. "Sema tena, mwanangu!" akamwambia baba yake. Wapo jikoni hadi sasa, wanampakata mtoto kwa zamu, wananisema.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote na maombi yote. Nalalamikia jambo moja tu, kwamba katika makala nzima damu ya kwetu umeipa mistari miwili. Baba mkwe amesema Jumapili atakuja, tena mapema, apate nafasi ya kuwaeleza shangazi zangu jinsi nilivyokosea.