Reli ya Kuushinda Mwanga

Jumatatu, 5 Machi 1956
Nimekwisha! Darasani jioni, Mwalimu Onema ametuambia hakuna kinachokimbia kuliko mwanga, na telegrafu nayo inakaribia mbio hizo hizo. Anaclet akatabasamu. Yeye ni mpiga telegrafu wa stesheni yetu ya Kindu. Mimi ni karani wa bohari. Sote tunamtaka Victorine wa Kibombo, na hakuna aliyemposa bado. Basi sharti niushinde mwanga.

Jumanne, 6 Machi
Mchana kutwa chali juu ya magunia ya mchele. Nimewaza fimbo ya kufika mwezini. Ukiisukuma huku, ncha ya kule inasogea papo hapo! Na fimbo ipo: reli, Kindu mpaka Kibombo. Nikiisukuma, Victorine ataguswa kidole. Raha iliyoje!

Jumatano, 7 Machi
Nimeazima jeki, nikasukuma. Reli ikasogea upana wa ukucha, ikagoma. Mzee Sumaili, mnyapara wa njia ya reli, alicheka mpaka akaketi. "Mutoto yangu, chuma inavimba na jua. Kila reli tunaiachia nafasi." Mapenzi yangu yamekwama kwenye mwanya wa kwanza! Halafu Victorine hajui kwamba aweke kidole relini. Ningemwandikia, ila barua inapanda treni.

Alhamisi, 8 Machi
Kioo cha kunyolea! Doa la jua linatua ng'ambo ya mto, Alunguli. Nikipinda mkono kidogo, linaruka michikichi kumi. Ng'ambo ingekuwa mbali kama nyota, doa lingeupita mwanga wenyewe! Nimecheza nalo mpaka jua likazama, nikasahau kula. Onema anasema doa halibebi salamu ya mtu. Wivu tu. Anaclet amekwisha kutuma telegramu ya posa.

Jumamosi, 10 Machi
Victorine kashuka kwenye treni! Kavaa kikwembe cha buluu. Kasema baba yake alimsomea telegramu, naye kakataa: hataki mume wa kutuma maneno. Kisha, mbele ya wapagazi wote: "Miye nakutaka weye, Louis. Treni inarudi saa nane. Panda, tuende kwa baba, weye mwenyewe."
Nililia kwa furaha. Nikamwomba dakika chache.
Sasa saa nane na nusu. Nimemaliza barua kwa wakubwa wa reli, kurasa tano: wafue reli moja isiyokatika mpaka Kibombo, ili jibu langu limtangulie kufika. Firimbi ya treni kuondoka niliisikia. Atashangaa sana, maskini!