Kuumuka kwa Jemedari Godoro

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku ya kihistoria! Naandika kwa wino badala ya penseli, kwa kuwa watakaoandika wasifu wangu baadaye watahitaji maandishi yasiyofutika.

Asubuhi Mama Mkurugenzi, mwenye kiwanda cha magodoro ninakofanya kazi kwa majaribio, alituita ofisini kwake. Mauzo yamelala, alisema. Baragumu wa idara ya mauzo akadakia kwamba godoro lililoweza kulaza hadi mauzo lazima ni zuri sana. Akacheka peke yake. Mtu huyu hana shahada. Ana sauti tu.

Mama Mkurugenzi anataka watoto walipende godoro letu, wawasumbue wazazi mpaka wanunue. Nikanyoosha mkono. Nikapendekeza kitabu cha katuni chenye shujaa wetu wenyewe: Jemedari Godoro! Mtu asiyepigika. Kila ngumi anayopigwa inadunda na kumrudia aliyeirusha. Nikaifafanua nadharia husika kwa kirefu, hadi mama wa chai akaja kuondoa vikombe. Kimya kikatawala. Nilikitambua mara moja. Kimya cha watu waliozidiwa.

Masharti ni haya. Kitabu kizinduliwe Ijumaa katika uwanja wa shule ya msingi ya jirani, mbele ya wazazi, pamoja na igizo fupi. Mambo yakienda vizuri, napewa ukuu wa kitengo cha mawasiliano, na chumba chenye mlango. Yakiharibika, nirudishe kitambulisho getini. Baragumu naye anaimezea mate nafasi hiyohiyo. Namhurumia.

Jioni nilimweleza Mama. Kabla sijamaliza kuvua viatu, alikuwa ameshamtangazia jirani juu ya ukuta kwamba mwanawe ni mkuu wa kitengo. Sikumsahihisha. Ni suala la muda tu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Asili ya shujaa imekamilika. Kijana msomi, mrefu, mwenye sauti nzito na shahada ya daraja la kwanza (mfanano wowote na mwandishi umetokea kwa bahati), anamwona Mkurugenzi wake akiteleza kuelekea pipa la kuchanganyia sponji. Anajirusha! Anamsukuma kando! Anatumbukia yeye! Mchanganyiko unachemka, unaumuka kama unga uliozidishiwa hamira, na kijana anaibuka akiwa Jemedari. Nilipofika nukta ya mwisho nililengwalengwa na machozi.

Kitindamimba wetu, mwanafunzi wa darasa la nne katika shule hiyohiyo ya jirani, alisoma akauliza kwa nini hakufa. Nikamwambia hii ni sanaa. Akauliza akitaka kwenda chooni anafanyaje. Nikamnyang'anya karatasi.

Kiwandani kikatokea kikwazo kidogo. Afisa Usalama amesema hakuna mtu aliyewahi kutumbukia kwenye pipa tangu kiwanda kijengwe, na wa kwanza hatakuwa huyo Jemedari wangu. Kuna reli ya kuzuia watu pale. Ameipaka rangi mwenyewe. Kwa hiyo shujaa ashuke kwa ngazi. Avae kofia ngumu, barakoa na glavu. Awe amehudhuria mafunzo. Msimamizi awepo. Nilijitetea kwamba ajali ndiyo roho ya hadithi. Akanijibu kwamba ajali ndiyo roho ya kesi.

Mama Mkurugenzi akaongeza kwamba pipa lisichemke. Wateja watadhani tunatumia kemikali. Tunatumia kemikali. Hata hivyo lisichemke.

Toleo jipya: Jemedari anaingia kwenye pipa lililotulia, kwa miadi, baada ya chai ya saa nne. Msimamizi anamuuliza kama yuko tayari. Anajibu yuko tayari. Anatoka upande wa pili akiwa na nguvu za ajabu, anavua glavu na kunawa mikono.

Nimelitathmini toleo hili bila upendeleo. Sasa tunaye shujaa wa kwanza duniani aliyepata nguvu kwa kufuata utaratibu. Hakuna aliyewahi kuthubutu!

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mchoraji wetu ndiye anayechora simba nyuma ya malori ya kiwanda. Imedhihirika kwamba hajui kuchora kitu kingine. Jemedari Godoro ana macho ya simba, pua ya simba na sharubu. Nilimwomba kwa heshima amfanye awe na sura ya kisomi. Akamvalisha miwani.

Baragumu akapita, akainama juu ya meza, akasema Jemedari anakosa kitambi. Mteja gani atanunua godoro jembamba? Mama Mkurugenzi akacheka hadi akashika ukuta, akaagiza kitambi kiongezwe. Nikakikubali kwa moyo mkunjufu. Kiongozi hujulikana kwa kukubali mambo madogo. Kitambi chenyewe si kidogo.

Nimembuni pia adui: Bwana Unyevunyevu, mtu wa kijani mwenye ndoo, anayepenya vyumbani kuozesha usingizi wa taifa. Kitindamimba alipouona mchoro, alisema bila hata kufikiri kwamba huyu ni kikojozi. Nikamweleza kwa utulivu tofauti kati ya unyevunyevu kama dhana na kukojoa kitandani kama tukio. Akasema godoro lake haliijui tofauti hiyo.

Kuhusu igizo, wote walimtaja mpakiaji wa magodoro kuwa Jemedari. Ni pande la mtu, hubeba magodoro matatu kichwani huku akipiga mluzi. Nilipinga. Kifua anacho, lakini dhamira ya mhusika ataitoa wapi? Nitacheza mwenyewe. Baragumu akajitolea papo hapo kuwa Bwana Unyevunyevu. Nilitarajia agome. Inaelekea ameanza kuukubali uongozi wangu.

Jumatano hiihii, baadaye

Mama ameuliza kama mkuu wa kitengo huvaa tai kila siku. Nimemjibu kwamba ndiyo. Ameenda kumweleza jirani.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Vazi! Fundi cherehani, dada anayeshona vitambaa vya kuvalisha magodoro, amenikatia sponji nene ya daraja la juu: mabega, kifua, mapaja, na kitambi kilichoamriwa. Nilipojitazama kwenye kioo cha chooni nilijisogelea mara mbili nisiamini.

Aliniuliza kama aweke plastiki kati ya sponji na kitambaa, kama wanavyofanya kwenye magodoro ya hospitali. Nikakataa. Plastiki inapiga kelele na kuficha misuli. Akaniuliza tena, una uhakika, mdogo wangu? Nikamkumbusha kwamba nimesomea mawasiliano. Akarudisha mguu kwenye cherehani akasema, haya, Msomi.

Kisha mazoezi. Katika kilele cha igizo Bwana Unyevunyevu anamwagia Jemedari ndoo nzima, lakini Jemedari hatetereki. Baragumu alileta ndoo yenye vipande vya karatasi za buluu. Karatasi! Nikasimamisha mazoezi. Nikatoa maelezo mafupi, kama robo saa, kuhusu uhalisia katika sanaa za maonyesho. Lazima yawe maji ya kweli. Baragumu akaiweka ndoo chini. Akauliza kama nasema kwa akili zangu timamu. Nikasema ndiyo. Akauliza ndoo kubwa au ndogo. Kubwa! Afisa Usalama hakuwa na pingamizi, mradi pasiwe na utelezi.

Baragumu akanishika bega akaniita kaka. Ni mara ya kwanza. Niliguswa mno.

Mazoezi tuliyamaliza bila maji, ili vazi lisiharibike kabla ya siku yenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nitaeleza mambo kwa mpangilio, kama ipasavyo kwa mtu mwenye nidhamu ya kitaaluma.

Uwanja ulifurika. Wanafunzi wamekaa chini kwa madarasa, wazazi kwenye viti, Mama Mkurugenzi mbele katikati. Mama yangu alikuwa safu ya pili pamoja na jirani, aliyeletwa makusudi ashuhudie. Nilitokea nyuma ya lori. Makofi! Nilisoma asili ya shujaa kwa sauti. Tulipofika kwenye mafunzo ya awali na kofia ngumu, watoto wa darasa la pili walianza kuchorana mikononi. Umri wao hauruhusu tafakuri ndefu.

Baragumu akaingia akiwa wa kijani. Akanguruma. Hapo waliamka. Akanipiga ngumi za kifua, zikadunda vizuri sana, watoto wakapiga kelele za furaha, na nakiri kwamba niliuona mlango wa ofisi yangu, kitasa chake, hata jina langu juu yake.

Ndipo akainua ndoo.

Sponji yetu ni ya daraja la juu. Naandika hili kwa fahari. Ndoo nzima ilinimwagikia na hakuna tone lililofika chini. Hata moja! Mama Mkurugenzi aliinuka kwenye kiti ili aone vizuri. Maji yote niliyabeba mimi. Nikataka kusema, Jemedari hatetereki. Nikatetereka. Mabega yalishuka hadi viwikoni, kitambi kikashuka hadi magotini. Nikajaribu kuinua mkono wa ushindi, ukakataa.

Halafu maji yakaanza kuteremka. Taratibu. Ndani kwa ndani. Kutoka kifuani, kupitia kitambini, yakatafuta njia ya kutokea, na njia waliyoiona watu wote waliokuwepo uwanjani ilikuwa moja tu. Katikati. Mchirizi mwembamba, wenye kuendelea.

Kisha katika darasa la nne, sauti ninayoifahamu tangu ilipokuwa ikilia kwa njaa ikatamka neno moja: Kikojozi!

Shule nzima ikalipokea. Walimu walijaribu kuwanyamazisha, ila mwalimu wa zamu mwenyewe alikuwa ameficha uso kwa rejista. Baragumu alikuwa amelala chali kwa kicheko, rangi ya kijani imechanganyika na machozi. Nilitaka kuondoka kwa heshima. Nilipiga hatua moja nikakaa chini, na nilipokaa yakatoka mengine.

Katika hali hiyo akanijia mtoto mmoja wa kike, wa darasa la kwanza, ametoka kwenye mstari bila ruhusa. Akanishika kidole. Akaninong'oneza kwamba yeye pia, jana. Nikamwambia mimi ni Jemedari na kwamba haya ni maji ya kawaida. Akaitikia kwa kichwa, akasema yeye pia husema hivyohivyo. Hakuniachia kidole mpaka mpakiaji alipokuja kuninyanyua na kuniweka kwenye lori. Alikuwa anapiga mluzi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sikutoka nje. Vazi limeanikwa uani na bado linatiririka.

Jirani aliuliza juu ya ukuta kama mkuu wa kitengo amekauka. Nilimsikia Mama akimjibu kwamba mwanawe yeye analowa akiwa kazini, sasa yule wa jirani anayelala hadi adhuhuri analowa akiwa wapi? Kisha Mama akaingia chumbani, akaniwekea chai, akaniuliza polepole kama nimefukuzwa. Nikamwambia matokeo bado yanachambuliwa. Akaipiga pasi tai yangu hata hivyo.

Kitindamimba ameomba radhi. Amesema lilimtoka. Nimempa adhabu ya kusoma asili ya shujaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Amesema angependelea viboko.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nilikwenda nimefunga tai, kitambulisho nimekitia mfukoni tayari kukirudisha getini. Mlinzi akakataa kukipokea. Akasema Mama Mkurugenzi ananitafuta tangu asubuhi.

Imetokea hivi. Siku ya Ijumaa, watu walipotawanyika, mama wa yule mtoto wa darasa la kwanza alimvuta Baragumu pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini kama tunayo magodoro yenye plastiki ndani. Nyuma yake alikuwepo mama mwingine. Nyuma ya huyo, baba mmoja aliyesema anamuulizia rafiki. Hadi jana jioni stoo ya magodoro ya plastiki ilikuwa tupu. Shule mbili zimepiga simu kumwomba Jemedari. Nyumba ambazo neno lile halikutajwa kamwe sasa zinalitaja huku zikicheka, alisema Mama Mkurugenzi, na akafuta macho. Sina hakika kama alikuwa analia au bado anacheka.

Asili ya shujaa imebadilishwa. Hakuna pipa tena. Hakuna miadi. Jemedari alikuwa mtoto aliyelowesha godoro lake kila usiku, na kila asubuhi akalibeba mwenyewe kulianika bila kukata tamaa, hadi siku moja godoro likamwonea huruma na kumwachia nguvu zake. Afisa Usalama ameidhinisha bila swali hata moja. Jina jipya la kitabu ni Jemedari Kikojozi. Nilieleza kwamba kitaaluma nina mashaka. Walikuwa wameshapeleka kuchapwa.

Kuhusu ajira: nimethibitishwa! Baragumu amepewa ukuu wa kitengo na ule mlango. Mimi nimepewa vazi, lori na shule zote za mji huu, moja baada ya nyingine, pamoja na ndoo. Wapo watakaosema kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Hawa hawajui mambo. Mlango kila mtu anao. Jemedari ni mmoja. Nina hata chumba changu, ndani ya stoo ya mabaki ya sponji. Hakina mlango, kina pazia. Nimemwambia Mama kwamba ni ofisi ya wazi, mtindo wa kisasa. Jirani ameshaarifiwa.

Tayari nimeshaandaa toleo la pili. Huwezi kuacha chuma kikapoa. Adui mpya: Malkia Kunguni! Baragumu alishauri kunguni wa kuchora kwenye kadibodi. Nikacheka kwa upole. Watazamaji wa leo wanataka uhalisia. Lazima wawe hai. Fundi cherehani ameniuliza kama safari hii aweke plastiki ndani, nami nimemkatalia, kwa sababu zilezile za misuli. Amesema, haya, Msomi.

Kunguni wenyewe nimeshawapata kutoka hosteli moja, chupa nzima, wazima wa afya. Nimewahifadhi chini ya kitanda changu. Mfuniko haukazi vizuri, lakini nimeubandika karatasi.

Nimejikuna mara kadhaa wakati nikiandika haya. Ni msisimko.