Msiba wa Kuokoa Nyumba

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeamka nikakuta X nyekundu ukutani kwangu. Rangi ya mafuta! Watu wa komini, yaani manispaa, wamepita mtaani Nyakabiga wakitia alama nyumba zilizotelekezwa, zibomolewe. Zilizotelekezwa! Na mimi nilikuwa ndani nachemsha chai. Nikamfuata Jovithe, chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Akasema majani yamefika dirishani, bati limeoza, na hajawahi kuona mgeni akiingia pale, kwa hiyo walidhani hamna mtu. Kanipa hadi Ijumaa nisafishe. Mgongo wa kufyeka sina. Akili ninayo.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeanika nguo nyingi kambani, ionekane ni nyumba ya familia. Zote suruali zangu. Hamoud, mwenye duka la mbele, akauliza kwa sauti, wateja wakisikia, kama nahama. Mtu huyu! Nina hakika ndiye aliyewaelekeza wenye rangi.
Nimewaza mchana kutwa, mwisho nikapata: msiba! Chefu gani atathubutu kubomoa nyumba yenye kilio? Unafunga turubai, unatoa viti, unakaa umeinama. Hakuna atakayeuliza chochote.

Jumatano, 5 Novemba
Wameuliza. Na maiti sikuandaa! Nikasema dada yangu Laure, huko Ubelgiji. Jina lilitoka lenyewe, maana sina mwingine. Mama Chanelle wa jirani akanikumbatia, akaleta maharage na mboga ya lengalenga, akasimama pale hadi nikamaliza sahani. Nikalia kweli. Sijui kwa nini, Laure ni mzima.
Hamoud akaona aibu wafiwa wakae kwenye majani. Akaja na wenzake, wakafyeka uwanja mzima. Kisha akakaa nami, akanisimulia alivyomzika baba yake. Si mtu mbaya kumbe. Jovithe naye kaja, kavua kofia, kasema habari ya X itasubiri. Nimeshinda!

Alhamisi, 6 Novemba
Asubuhi watu wameongezeka. Mmoja kapanda juu, kaziba bati. Nimeitwa kaka, nimeulizwa kama nimelala. Tangu Laure aondoke hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwomba Mungu kilio kisiishe.
Simu yangu ilikuwa inachaji karibu na Hamoud. Ikalia, ya video. Akapokea kwa heshima zote. Marehemu akatokea anakula biskuti, akauliza turubai la nini, nani kafa. Hamoud akamjibu: "Ni we ulikufa, dada."
Wakaondoka mmoja mmoja. Nilingoja matusi, hata matusi hawakunipa. Mama Chanelle alibeba sufuria yake ikiwa bado na chakula.

Ijumaa, 7 Novemba
Jovithe kaja na kopo la rangi nyeupe, kaifunika X. Kasema nyumba sasa ni safi, komini haina shida nayo. Shida yao ni mwenye nyumba. Akaenda zake bila kuaga.
Nyumba imepona. Dukani Hamoud kanisukumia sabuni bila kuniangalia. Laure hapokei. Nimekaa barazani kutwa, uwanja unapendeza, na hakuna aliyegeuza shingo. Upweke unauma, jamani. Heri ile X, angalau ilileta watu.
Nimetafuta kosa lilikuwa wapi, nimeliona. Laure ana simu! Mjomba Divin wa Rumonge hana. Kesho ni Jumamosi, kartie nzima itakuwa nje kwa kazi za jamii. Wakifika kwenye mtaro wangu, naanza kulia.