Sabuni ya Tatu

Jumatatu, 2 Septemba

Vumbi tangu alfajiri. Nimekwenda kwenye ile supamaketi mpya karibu na stendi kununua sabuni ya kufulia. Spika iliyo juu ya rafu ikasema: nunua miche miwili, wa tatu bure, leo tu!

Nikaganda. Sauti ya Philomena! Mke wa jirani yangu Mabula. Tulimzika baada ya Pasaka, na udongo nilirusha mwenyewe. Hata kikohozi kilikuwa chake, kile kidogo kabla ya neno "bure", kama alivyokohoa akisoma matangazo kanisani.

Nywele zilinisimama. Hata hivyo nikachukua miche mitatu. Bure ni bure.

Kwenye kaunta binti Nancy akanitoza yote. Ofa ilikwisha zamani, babu, akasema. Nikauliza mbona bado inatangazwa. Akaitazama spika, akashusha sauti: walimrekodi mwezi wa pili, na sasa hayupo wa kuja kusema imekwisha.

Nimerudisha miche yote. Mke wangu Generoza ameuliza atafulia nini. Nimemjibu: kanuni. Hakucheka.

Jumanne, 3 Septemba

Nimesoma mchana kutwa. Vitabu ndivyo vilivyobaki. Vita vilipotufukuza kule mpakani Kagera nilikuwa kijana. Niliacha migomba, nyumba, na mama aliyekataa kuondoka. Sura yake naikumbuka. Sauti imenipotea kabisa. Hapa Bariadi nimezeeka, na bado wananiita Nshomile, yaani msomi. Si sifa.

Sheria ya Ushindani, kifungu cha kumi na tano: ni marufuku kumpotosha mlaji katika biashara. Hakisemi kama anayempotosha lazima awe hai. Na hiyo "leo tu"! Tangu Februari ni leo. Kwa Philomena leo haiishi tena. Kwa mnunuzi iliisha kimyakimya.

Jioni, drafti na Mabula. Kanifunga tena. Kasema kichwa changu ni ghala la pamba: kimejaa, ila ukikipiga hakitoi sauti. Kando ya kiti chake, miche miwili ya sabuni. Jana pia alikuwa nayo. Juzi pia! Mwanamume mjane, mashati matatu. Nimeng'amua: yeye anapewa ule wa tatu, kauficha tu, kwa sababu sauti ni ya mkewe. Upendeleo!

Na huyu ndiye aliyesimama kaburini kwa kiburi, kama desturi inavyotaka, akatangaza kwamba mwenye dai lolote kwa marehemu amwendee yeye. Hakuna aliyejitokeza. Watu hawakuwa wamekwenda dukani bado.

Alhamisi, 5 Septemba

Upelelezi. Nimejificha nyuma ya mifuko ya sembe. Mabula akaja, akavua kofia, akasimama chini ya spika. Sauti ikaanza. Midomo yake ikaenda nayo, neno kwa neno. Kwenye kikohozi akatabasamu.

Umeme ukakatika. Taa zikazima. Friji, kimya. Sauti ikaendelea gizani, taratibu, kama mtu anayejua njia za nyumba yake. Leo tu. Sembe ikanimwagikia begani, sikuweza kusogea. Baadaye Nancy alisema spika ina betri. Sikuuliza zaidi.

Mabula alichukua miwili, akalipia miwili. Hakupewa wa tatu! Basi ni mjinga: anapotoshwa kila siku, na anashukuru.

Nancy alinikuta nikijipangusa unga. Akaniomba, babu tafadhali, achana na jambo hili. Mzee Mabula nyumbani ana picha tu. Hapa ndipo pekee anapomsikia. Ukilalamika watamzima.

Nimekipitia kifungu cha kumi na tano upya. Huruma haimo.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku kuu! Nimemwendea meneja, kijana Method, aliyehamishiwa hapa mwezi uliopita kutoka Mwanza. Nimevaa koti. Nimeeleza kwamba sheria humtazama mnunuzi wa kawaida, aliyekuja na kikapu, si mwanasheria aliyekuja na miwani. Nimemwonyesha pia kibandiko cha mafuta ya kula, ambayo sauti hiyohiyo huyatangaza: bei iliyofutwa kwa wino mwekundu ili tuone imeshuka, wakati bei hiyo haikuwahi kutozwa hata siku moja.

Method akapiga mwayo. Alisema mteja mwenye akili anajua tangazo ni tangazo, na "leo tu" ni namna ya kusema. Akaniuliza kama nimestaafu. Nikasema ndiyo, ukarani, kiwanda cha pamba. Akasema inaonekana.

Nikamwambia basi amwite huyo mtangazaji tusikie naye. Akasema vizuri, anakaa wapi? Nikasema makaburini, safu ya pili, karibu na mnyaa.

Uso wake ukageuka majivu. Hakuna aliyekuwa amemwambia! Wakati huohuo, juu yetu, kikohozi. Method akapanda ngazi mwenyewe, akachomoa flashi kwa ncha za vidole kama anayetoa nge kwenye kiatu, akamtupia Nancy.

Sheria imeshinda! Lakini ofa nayo imekufa, na sabuni sijapata. Sikulifikiria hilo.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nimepita dukani kuuonja ushindi. Kimya. Friji zinanguruma tu.

Mabula alikuwa chini ya spika, kofia mkononi, kichwa ameinamisha upande kama anayesubiri mtu amalize kupumua. Alisubiri. Mfagiaji alimzunguka na ufagio. Watu walichukua sabuni kwa kupitisha mikono kando yake, bila kumgusa. Halafu akatoka. Hakununua kitu.

Nilimsalimu mlangoni kwa Kisukuma, mwadila Mabula. Akanitazama kama anayetazama ukuta. Nadhani ni ile drafti; anaogopa nitamfunga.

Jumanne, 10 Septemba

Magharibi, tunakula. Kutoka upande wa pili wa ukuta: nunua miche miwili. Generoza akaangusha bakuli, akafanya ishara ya msalaba. Wa tatu... kikohozi... bure. Leo tu.

Generoza ndiye aliyekumbuka kwanza. Kasikia sokoni kwamba Nancy alimpelekea Mabula ile flashi, akamtafutia na redio ya kuichomeka. Akalia kidogo, akasema, mwache mzee wa watu akae na mkewe.

Nami nikakumbuka kaburini. Mwenye dai lolote aje kwangu! Maneno yake mwenyewe, mbele ya padre. Ofa inatangazwa tena, hadharani, nyumbani kwa mtu aliyejitwika madai yote ya marehemu. Nimemtuma Generoza akanunue miche miwili. Amekataa. Nimekwenda mwenyewe, nikanunua, nikagonga kwa Mabula.

Nimeeleza dai kwa ufasaha. Alinisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake sabuni zimepangwa hadi dirishani, hata moja haijafunguliwa. Mezani vikombe viwili vya chai, vyote vinafuka. Akachukua mche mmoja, akaushika kidogo, akanipa. Akasema kwa upole kwamba ni kweli, Nshomile, Philomena aliahidi, na Philomena hakuwahi kumdanganya mtu. Akafunga mlango. Ndani, sauti ikaanza upya.

Nimeshinda! Mche wa tatu uko hapa mezani ninapoandika. Una harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Generoza hataki kuufulia, na amehamia chumba cha wageni.

Kesho nitarudi. Mafuta ya kula nayo aliyatangaza.