Kitambi Changu Kinatuma Ujumbe

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi mtaa huu ungetembea uchi. Miaka ishirini na saba kwenye cherehani! Nimevalisha mawaziri wawili na jeshi zima la nchi ambayo siitaji. Suruali niliyooa nayo naivaa hadi leo. Sasa mpwa wangu, muuguzi, kaja dukani na tepu ya zahanati, kanizungushia. Kiuno: sentimita 108. Eti sukari iko mlangoni. Jumatatu ijayo anapima tena. Mambo yasiposhuka, vidonge kila siku. Fundi viatu wa mlango wa pili alisikia. Akauliza mtoto anazaliwa lini.

Jumatano, 5 Machi
Mpwa kanieleza. Sikuelewa, ila nilitikisa kichwa kisomi. Eti mafuta si ghala tu. Yanatuma ujumbe kwenye ubongo, ini na misuli. Ujumbe! Kitambi changu kina marafiki nisiowajua. Eti chembe zake zikijaa zinalemewa, askari wa mwili wanakuja, vurugu haiishi. Huo ndio mchochota. Kwa vurugu hiyo mwili hauisikii insulini, sukari inazurura kwenye damu. Nikamuuliza, kama nina askari wangu, vidonge vya nini? Akashika paji la uso. Nikamtolea mfano mke wangu: nyonga zinajaza mlango, mbona sukari yake safi? Akasema mafuta ya nyonga kwa kawaida ni mapole; wakorofi ni ya ndani ya tumbo, jirani na ini. Kwani yamesoma shule tofauti? Mke wangu hajanisemesha tangu niseme habari ya mlango.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango wa kwanza: kukata mawasiliano. Nimejiviringisha nailoni tumboni mara tisa, ujumbe usipite. Kila nikikanyaga cherehani, kwacha! kwacha! Fundi viatu akauliza mimi ni zawadi ya nani. Jioni vipele.

Jumapili, 9 Machi
Mpango wa pili, wa akili. Kosa si la tumbo, ni la tepu! Nimechukua yangu, nikakata sentimita kumi za mwanzo. 108 toa 10, 98. Hesabu haina upendeleo.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimsihi mpwa atumie tepu yangu ya ufundi. Akapima. 118! Nikapiga kelele kwamba ni nailoni imenivimbisha. Akatazama ncha: tepu inaanzia kumi. Fundi viatu nusura ameze msumari kwa kicheko. Mpwa hakucheka. Akanichoma kidole, sukari imepanda. Akaniambia polepole, Mjomba, mama alianza hivihivi, na unajua mguu wake uliishia kukatwa. Mama yake ni dada yangu. Gauni refu la kuficha nilimshonea mimi.
Nikapokea vidonge. Nikaahidi kutembea.

Jumanne, 11 Machi
Kidonge nimemeza; kikawaongezee nguvu askari wangu. Nimetembea pia, hadi duka la mikate. Sikurudi mikono mitupu. Na njiani nimegundua siri: tepu haikatwi, inaongezwa! Usiku huu nashona kile kipande mahali pake, na kingine kama hicho mbele yake. Jumatatu watanikoma.
Ile suruali ya harusi, basi. Nimeitia kipande nyuma mara sita. Cha sita ni pazia la jikoni. Mke wangu bado anamshuku fundi viatu kwa wizi.