Gari Jekundu la Mwananchi

Jumatatu, 8 Julai 2024

Leo nimeliona. Liko gereji kwa Pastory, Kayanga, chini ya turubai. Milango miwili. Limelala chini kama paka anayevizia. Gari la spoti. Mwenyewe ni mtu wa Mwanza, barabara zetu zimemshinda, akamwachia Pastory auze. Nimegusa boneti. Nimekaa ndani. Nimejiona nikishuka mbele ya kanisa la Nyakahanga Jumamosi ya wiki ijayo, siku Ainomugisha anapoolewa, watu wote wakigeuza shingo.

Ainomugisha ni binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake sasa ni mimi. Sitaki apelekwe kanisani na kile kigari cheupe cha shemeji Lameck, ambacho kimebeba maharusi wote wa Kituntu hadi viti vinanukia manukato ya watu wengine.

Tatizo moja tu. Jekundu. Mimi ni katibu wa tawi la Yanga hapa Kituntu. Katibu wa Wananchi ndani ya rangi ya Simba. Bora nitembee kwa miguu.

Nimemweleza mke wangu Stephania. Amesema rangi haipandishi gari mlimani, niulizie injini. Nikamwambia hata yeye huchagua kitenge kwa rangi. Akasema ni kweli, ila hukilowesha kwanza aone kama kinachuja. Ana akili nyingi mke wangu. Ila ni za vitenge.

Alhamisi, 11 Julai

Pastory anakubali tubadilishane: yeye achukue pikipiki yangu na mtamba mmoja. Mtamba huyo tulipewa na baba mkwe alipozaliwa binti yetu Vero, kwa hiyo huwezi kumtoa kimyakimya. Nimekwenda Songambele. Baba mkwe, Mzee Mbonimpa, nimemkuta malishoni, fimbo mabegani. Nikampa shikamoo. Tukakaa kwenye nyasi, maziwa yakaletwa.

Nikamweleza kwamba gari ni zuri, kasoro yake rangi.

"Nyekundu ipi?" akauliza.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hiyo ni bihogo."

Bihogo ni ng'ombe mwenye wekundu ulioiva. Wafugaji wa huku wakimwona huyo, mazungumzo mengine yote hukatika. Mzee akasema mtu anayekataa bihogo anahitaji kupelekwa hospitali. Nikasema, lakini Baba, hiyo ni rangi ya Simba. Akasema simba aliwaona sana ujanani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwekundu.

Ruhusa nimepata. Ameongeza kwamba hata bihogo huangaliwa kwanza kwato na meno, rangi baadaye. Wazee hupenda kuongeza maneno. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mpango umekamilika kichwani: nitalichukua, kisha nitalipaka kijani.

Jumamosi, 13 Julai

Gari ni langu.

Pastory alijaribu kunivuruga. Alikuwa na gari jingine, la kijivu, limeinuka vizuri kutoka chini, akasema akiniuzia hilo atalala usingizi. Nikamuuliza kijivu ni rangi ya nani. Akasema basi nije asubuhi niisikilize injini ya hili jekundu ikiwa ya baridi. Nikamwambia tuzungumzie kijani. Akashusha pumzi, akamwita Nsabimana, fundi wake wa rangi.

Nsabimana amesema kijani anacho kingi kilichobaki. Ni kile alichotumia kupaka mageti. Nikasema geti hupigwa jua na mvua miaka yote. Rangi gani zaidi ya hiyo?

Jumatatu, 15 Julai

Asubuhi lilikuwa kijani. Lilikuwa zuri. Watoto wa shule walishangilia barabarani, na mimi nikawapungia kama mtu aliyezoea.

Pale Omurushaka trafiki akanisimamisha. Mwanamama mtulivu, sauti ya chini. Akaomba kadi ya gari. Akaisoma, akanitazama, akalitazama gari.

"Kadi inasema jekundu, baba."

Nikasema kwa ndani bado ni jekundu, afande. Akaupitisha ukucha mlangoni. Kijani kikatoka kipande kirefu, kama ganda la ndizi iliyoiva.

"Unaona, afande?" nikasema. "Jekundu."

"Basi kalimenye lote," akasema. "Au ukabadilishe kadi."

Kubadilisha kadi si jambo la kumalizika kabla ya harusi. Ameniachia niende. Mtu mwema. Ningeweza kusikitika, lakini nimekula matoke kwa maharage, na gari liko uani, na kila anayepita anasimama.

Jumatano, 17 Julai

Tumemenya siku nzima, mimi na Nsabimana, kwa msasa. Boneti na milango imerudia wekundu wake. Paa na nyuma vimekataa kabisa. Nsabimana amesema huko ndiko alikopaka kwa moyo.

Lameck amepita, bila shaka kwa makusudi. Amelizunguka gari mikono nyuma. Ameuliza kama ni tikiti maji. Kisha akaomba alisikie likiwaka. Limewaka, baada ya kusitasita. Lameck akasema moshi wake ni wa bluu. Nikamwomba asiniletee rangi nyingine, hizi mbili zinanitosha.

Stephania amemwambia kaka yake aoshe gari lake Ijumaa, ikiwezekana. Sikupenda sauti yake.

Jumapili, 21 Julai

Jana alifunga ndoa. Niandike vizuri, maana nitapenda kuisoma uzeeni.

Ainomugisha alitoka ndani na shela lake, akaliona gari. Bwana harusi, Tusiime, ni mtu wa Simba, yeye na ukoo mzima. Sisi ni Yanga, ukoo mzima. Mbele jekundu, nyuma kijani. Alicheka hadi shangazi zake wakampaka poda upya.

"Baba mdogo," akasema, "umetupatanisha kabla ya mchungaji."

Tambarare tulikwenda vizuri. Nilipiga honi hata kwa mbuzi. Kisha kile kilima kabla ya kanisa. Gari likanguruma, likatetemeka, likatoa harufu ya kuungua, likasimama. Kimya. Kengele ya kanisa inalia, na mimi nimeshika usukani wa kitu kisichokwenda.

Lameck akasimama nyuma yetu. Akashuka taratibu, akafungua mlango wa kigari chake cheupe, akasubiri. Angenicheka ingekuwa nafuu. Nilimfikiria kaka yangu. Nikamwambia Ainomugisha, mwanangu, nenda.

Yeye akatoa kichwa dirishani.

"Asante, mjomba," akamwambia Lameck. "Nitafika na baba yangu."

Basi watu wa msafara wakashuka wote. Wetu wakashika nyuma, kwenye kijani. Wa kina Tusiime, waliokuwa wakitungojea juu, wakateremka mbio wakashika milango, kwenye wekundu. Wakaanza kubishana upande upi unasukuma kweli. Kadiri walivyobishana, ndivyo gari lilivyopanda. Kwaya ikaanza wimbo katikati ya kilima. Yule trafiki alikuwepo, akazuia lori lililokuwa linashuka, akanipigia saluti. Lameck naye akasukuma, shati jeupe likaloa mgongo mzima. Tukafika mlangoni bila kelele, polepole, kama wafalme. Nikamshika Ainomugisha mkono tukaingia. Sikumbuki kama watu waligeuza shingo.

Kwenye sherehe rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilitosha. Mzee Mbonimpa alilizunguka gari, akatikisa kichwa, akasema bihogo wangu amelalia majani mabichi. Lameck nilimpa paja la kuku. Alistahili.

Jumanne, 23 Julai

Pastory amefungua injini. Imekwisha, na ilikwisha zamani. Amesema alitaka kuniambia tangu siku ya kwanza, lakini kila alipofungua mdomo nilimuuliza kuhusu rangi. Ni muungwana. Amechukua gari akauze vipuri, amenirudishia pikipiki. Mtamba amekwisha kuuzwa.

Tulipokuwa tunaanika kahawa, Stephania akaniuliza, kwa upole tu, "Baba Vero, umejifunza nini?"

Nikafikiri kwa dhati. Nikamwambia nimejifunza kwamba rangi ya geti haishiki kwenye gari. Mtu anunue gari ambalo tayari lina rangi anayoitaka. Akaendelea kuanika kahawa bila kuinua kichwa.

Jioni nilipita Omurushaka. Nyuma ya duka la mbolea kuna gari la spoti, la bluu. Bluu haina ugomvi na mtu Kituntu. Mwenyewe alianza kunieleza jambo refu kuhusu gari hilo na kukataa kuwaka asubuhi. Nikamwomba asinichanganye. Nikamuuliza swali moja tu, kama bluu hiyo ni ya kiwandani.

Akasema ndiyo, ya kiwandani kabisa.

Mtu mkweli namna hiyo humpati kila siku. Kesho naenda Songambele kuzungumza na mzee habari za mtamba mwingine.