Ndoo ya Loshoro

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mama mkwe kafika kutoka Momela. Atakaa wiki mbili! Kaja na ndoo yake nyeupe yenye mfuniko, imejaa hadi juu loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia huku akiangalia sakafu, kisha akamuuliza mke wangu Irine kama nyumba hii hudekiwa au husubiri mvua. Chumbani Irine akaniambia, taratibu kabisa, kwamba safari hii mama akiondoka amenuna, nami nifungashe niende kwa kaka Ngaramtoni. Kaka analala chumba kimoja na mbuzi.

Nitajiokoa kwa akili.

Jumanne, 5 Novemba

Nimelichunguza dekio letu asubuhi nzima. Mpini mfupi, mgongo unauma. Nyuzi zinanyonyoka. Lakini kasoro kubwa ni ndoo! Unasuuza dekio kwenye maji machafu, unarudisha uchafu ule ule sakafuni. Miaka yote hii, na hakuna aliyeshtuka! Dawa yake: chujio katikati, koki chini, uchafu utoke wenyewe. Nimechora. Kumbe mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Kauliza nachora nini. Nikasema Mlima Meru.

Jumatano, 6 Novemba

Ndoo yetu imepasuka. Loshoro ya mama tuliimaliza jana, ndoo yake iko tupu, imara kabisa. Tundu moja dogo, nani ataliona? Nikaenda kwa Abdiel, seremala wa jirani, kuazima drili. Akauliza kama hiyo si ndoo ya chakula. Nikasema ya rangi. Hakuamini. Tangu apewe kazi ya kunadi sadaka kanisani, anajiona askofu.

Mchana nikajaribu. Koki ikachomoka! Maji meusi chini ya kabati, chini ya kochi, mpaka kwenye kandambili za mama mkwe. Nimefuta yote. Ndoo ndiyo haifutiki, inanuka dawa ya sakafu. Nimetumbukiza dekio kwenye ndoo ya chakula ya mwanamke wa Kimeru! Nimejifungia chooni.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama anaulizia ndoo. Nikasema labda Irine anajua. Irine akasema labda mimi najua. Wote wawili wakanitazama. Sijala kitu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepata! Kesho watu watapeleka sadaka za mazao, ndizi, kuku, mayai, na baada ya ibada vitanadiwa nje. Nimeipaka ndoo rangi ya bluu, nimekaza koki. Itanunuliwa na mtu wa mbali, itokomee. Na nitakuwa nimemtolea Mungu. Hata hivyo sipati usingizi.

Jumapili, 10 Novemba

Abdiel kainua ndoo juu. Ndoo ya kisasa, akatangaza, yenye koki, kutoka kwa mtoaji asiyetaka kujulikana. Akanikonyeza, mshenzi! Kisha mkono mmoja ukanyooka. Mama mkwe! Kwa kuwa yake imepotea, anahitaji nyingine. Nikaona giza. Nikapanda dau. Naye akapanda. Nikapanda tena. Waumini wakaanza kupiga makofi: mkwe anashindana na mama mkwe mbele ya mchungaji! Irine akaushusha mkono wangu kwa nguvu.

Nyumbani mama akaiosha kwa maji ya moto. Rangi ikabanduka. Kitakoni kukatokea msalaba aliouchora mwenyewe kwa msumari. Akainusa ndani. Akanitazama. Afadhali angenipiga!

Jumatatu, 11 Novemba

Mama hajanuna. Ndicho kinachonitisha. Kasema, huku akininyooshea kidole, kwamba nyumba hii ina mgonjwa, hawezi kuiacha, kwa hiyo atakaa mpaka Pasaka. Na kila asubuhi nideki kwa tambara, nimepiga magoti, yeye akiwa kochini ananiangalia. Sijafukuzwa! Lakini Pasaka!

Jumanne, 12 Novemba

Nimedeki. Karudia mara tatu kunionyesha kona. Kisha akalalamika kwamba kitanda chake kinalia akigeuka. Mkwe hakanyagi chumba cha mama mkwe, hata mtoto mdogo anajua. Lakini mlango ulikuwa wazi, nikachungulia. Nimeiona kasoro! Miguu yote minne ina urefu sawa, uzito unaelemea katikati. Ya kichwani ikipunguzwa kidogo tu, kitanda kitatulia. Mama yuko kwenye maombi ya akina mama mpaka saa kumi. Abdiel kaniazima msumeno bila kuuliza swali hata moja.

Naanza na mguu wa kushoto.